Bamba jeusi: jua linavyonaswa na joto linavyopotea

Katika wilaya za Makete, Njombe na Mufindi nchini Tanzania, miezi ya Juni na Julai huwa na asubuhi za baridi kali na mchana wenye jua. Maji ya kuoga huchemshwa kwa kuni au mkaa kabla ya mapambazuko, na saa chache baadaye paa la nyumba hiyohiyo huwa limeshika moto wa bure usiomfaa mtu yeyote. Wapo mafundi wanaojaribu kuuvuna moto huo kwa vifaa vinavyopatikana mjini: mbao za sanduku, kipande cha bati, mabomba, kioo cha dirisha na kopo la rangi nyeusi. Swali lao la kwanza karibu siku zote ni la rangi. Ipi nyeusi kuliko zote? Ipi inavuta jua zaidi?

Swali hilo ni la haki na litajibiwa hapa. Lakini mwanga ukishalipiga bamba, safari ya joto ndiyo kwanza inaanza. Joto hilo lina njia ya kwenda kwenye maji, na lina njia nyingine kadhaa za kurudi hewani. Tutazifuata njia hizo moja baada ya nyingine, kwa hesabu fupi, kabla ya kusema fedha ya fundi ielekezwe wapi.

Tuanze na majina ya sehemu. Mtambo huu tutauita kikusanya joto. Sehemu yake ya kazi ni bamba, yaani kipande bapa cha metali kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa joto. Bamba limeshikamana na mabomba ya maji. Juu yake pana kioo. Chini yake pana kihami joto, yaani kitu kama pamba ya kioo au maranda makavu kinachozuia joto lisitoke kwa nyuma. Muundo huu una umri mkubwa. Mwaka 1767 Horace-Bénédict de Saussure, mwanasayansi wa Geneva, alianza kuunda masanduku yenye vioo, na baadaye ndani ya mojawapo joto lilipita lile la maji yanayochemka. Mwaka 1909 William Bailey wa California alianza kuuza mtambo uliotenganisha tangi na bamba: mabomba yaliyoshikizwa kwenye bamba la metali lililopakwa rangi nyeusi, ndani ya sanduku lenye kioo, na tangi likawekwa juu zaidi ili maji ya moto yapande yenyewe. Anayeunda mtambo leo Njombe anafuata mpango huohuo.

Sasa hesabu. Saa sita mchana, anga likiwa safi, jua huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya bamba lililoelekezwa vizuri. Kioo cha kawaida cha dirisha hupitisha karibu asilimia 85, kwa hiyo bamba hufikiwa na wati 850. Sehemu ya mwanga ambayo bamba huinasa badala ya kuirudisha tutaiita kiwango cha ufyonzaji. Bamba lenye kiwango cha 0.95 litafyonza karibu wati 800 kati ya hizo 850. Hizo wati 800 ndizo mtaji wetu wote. Hakuna rangi inayoweza kuziongeza zikafika 900.

Rangi nyeusi isiyong'aa, hata ya bei ya chini, huwa na kiwango cha ufyonzaji cha kati ya 0.92 na 0.97. Rangi nyeupe ina takriban 0.25. Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba bati jipya lisilopakwa chochote lina takriban 0.65, kwa sababu zinki hurudisha mwanga kidogo kuliko macho yanavyodhani. Kwa hiyo kupaka bati rangi nyeusi kunaongeza pato kwa karibu nusu, na hiyo ni faida kubwa. Lakini kutoka rangi nyeusi ya 0.94 hadi nyingine ya 0.97 ni wati 25 tu katika zile 850. Vumbi la wiki mbili juu ya kioo linaweza kula kiasi hichohicho.

Hata hivyo, weusi una siri yake. Karibu nusu ya nishati ya jua huja katika mwanga ambao jicho halioni, ule ulio ng'ambo ya rangi nyekundu. Kitu kinaweza kuonekana cheusi tii machoni na bado kikairudisha sehemu kubwa ya mwanga huo usioonekana. Baadhi ya vitambaa vilivyotiwa rangi nyeusi ndivyo vilivyo. Kaboni, ambayo ndiyo masizi, haina kasoro hiyo: hufyonza mwanga unaoonekana na usioonekana kwa pamoja. Basi rangi inayofaa ni ile ambayo weusi wake unatokana na masizi. Masizi matupu ya moshi wa taa au wa kuni hufyonza vizuri sana, ila hufutika kwa kidole, kwa hiyo lazima yashikwe na kitu, kama vile vanishi inayostahimili joto. Rangi ya makopo inayouzwa kwa ajili ya ekzosi za magari hutimiza masharti yote mawili, la weusi na la joto.

Kung'aa nako kuna maana yake. Rangi inayong'aa hurudisha karibu asilimia 4 ya mwanga kwenye ngozi yake ya juu kabla mwanga haujaufikia weusi wenyewe. Uso wenye chembe za kukwaruza hupunguza hasara hiyo kwa njia rahisi: mwanga uliorudishwa na chembe moja huangukia nyingine. Tuchukue uso unaofyonza 0.90. Ikiwa kile kilichobaki, yaani 0.10, kitaupiga uso mara ya pili, utafyonza 0.09 zaidi, na jumla itakuwa 0.99. Ndiyo maana mikunjo mirefu yenye umbo la herufi V hunasa vizuri. Migongo ya bati la kawaida la kuezekea ni mifupi na mipana. Mwanga mwingi uliorudishwa hutoka bila kugusa tena, na faida yake kwa upande huu ni ndogo.

Hadi hapa tumezungumzia kuingia. Tugeukie kutoka.

Kila kitu chenye joto hutoa nishati kwa njia ya mawimbi, hata kisipowaka. Utoaji huo huitwa mnururisho. Tofauti kati ya mnururisho wa jua na wa bamba ni urefu wa wimbi, yaani umbali kutoka kilele kimoja cha wimbi hadi kingine. Uso wa jua una joto la takriban nyuzi 5,500 za Selsiasi, na nishati yake nyingi hutufikia kwa mawimbi ya kati ya mikromita 0.3 na 2.5, mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Bamba lenye nyuzi 80 hutoa mawimbi marefu zaidi, yaliyo mengi karibu na mikromita 8. Makundi haya mawili ya mawimbi karibu hayagusani, na jambo hilo tutalihitaji punde.

Gustav Kirchhoff, mwanafizikia wa Ujerumani, alionyesha mwaka 1859 kwamba uso unaofyonza vizuri wimbi la urefu fulani hutoa vizuri wimbi la urefu huohuo. Rangi nyeusi ya kawaida hufyonza mawimbi mafupi na marefu karibu sawa, kwa hiyo hutoa vizuri pia: kiwango chake cha utoaji ni takriban 0.9 au zaidi. Tulipigie hesabu hilo. Bamba jeusi la nyuzi 80 likikabili kioo chenye nyuzi 40 hupoteza kwa mnururisho karibu wati 280 kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya zile wati 800, na bado hatujahesabu joto linalobebwa na hewa iliyo kati ya bamba na kioo, wala linalopita nyuma ya sanduku. Kama bamba hilo lingekuwa na kiwango cha utoaji cha 0.1, hasara ya mnururisho ingeshuka hadi wati 33.

Je, inawezekana uso ufyonze kama masizi na utoe kama metali inayong'aa? Sheria ya Kirchhoff haikatazi, kwa kuwa inafunga ufyonzaji na utoaji katika wimbi moja tu, na sisi tuna makundi mawili ya mawimbi. Harry Tabor, mhandisi mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi Israeli, alionyesha katikati ya miaka ya 1950 namna ya kutengeneza uso wa aina hiyo. Utando mwembamba wa nikeli nyeusi huwekwa juu ya metali inayong'aa. Kwa mawimbi mafupi ya jua utando ni mweusi na huyanasa. Kwa mawimbi marefu ya bamba, utando ni kama haupo. Kinachohesabika ni metali iliyo chini, ambayo hutoa kidogo. Baadaye ilikuja kromu nyeusi, yenye ufyonzaji wa takriban 0.95 na utoaji wa takriban 0.1. Israeli ilipopitisha sheria mwaka 1980 ya kutaka nyumba mpya ziwe na mitambo ya kupashia maji kwa jua, teknolojia ya nyuso hizi ilikuwa imekwisha kukomaa.

Uso wa namna hii, tutakaouita uso unaochagua, ndio unaowavutia wengi kuujaribu nyumbani. Kikwazo kiko kwenye unene. Utando unaotakiwa huwa chini ya mikromita moja, na brashi huacha rangi yenye mikromita 30, 50 au zaidi. Tena ule ute unaozishika chembe za rangi, ukishakauka, hufyonza mawimbi marefu kwa nguvu; metali iliyo chini haina nafasi ya kufanya kazi yake. Zipo rangi maalumu zilizotengenezwa zichague kwa kiasi, na utoaji wake hushuka hadi takriban nusu ya ule wa rangi ya kawaida au chini ya hapo, lakini kwa sharti la kupulizwa kwa tabaka jembamba mno juu ya metali safi. Akiongeza mkono wa pili, fundi amenunua rangi ya ghali na kupata matokeo ya rangi ya kawaida.

Njia nyingine inayotajwa ni kuichemsha shaba katika kostiki soda na kemikali ya kuongeza oksijeni hadi iwe nyeusi. Shaba iliyotiwa oksidi vizuri hufikia ufyonzaji wa karibu 0.9 na utoaji wa chini ya 0.2, kwa hiyo njia ni ya kweli. Lakini kostiki soda inayochemka, ikiruka, hupofua jicho kabla mtu hajafika kwenye ndoo ya maji. Simshauri mtu yeyote aifanye uani penye watoto, na kwa sababu zinazofuata sioni kama kuna haja.

Swali la kuuliza ni hili: uso unaochagua unaokoa kiasi gani katika joto tunalolihitaji? Katika nyuzi 80 tumeona kuwa ni karibu wati 250. Tushushe bamba hadi nyuzi 45, ambalo ni joto la maji ya kuoga, na kioo tukichukulie kuwa na nyuzi 32. Hasara ya mnururisho kwa rangi nyeusi ya kawaida inakuwa wati 75 tu. Uso unaochagua ungeokoa takriban wati 65 kati ya 800. Kadiri bamba linavyofanya kazi likiwa la baridi zaidi, ndivyo uso wa ghali unavyopungukiwa na cha kuokoa.

Kumbe joto la bamba ndilo linaloamua mengi. Na kinacholifanya bamba liwe la moto kupita maji yake ni ugumu wa joto kutoka kwenye bamba kuingia majini. Hapa ndipo mitambo mingi ya nyumbani huharibika bila mwenyewe kujua, na hapa tutakaa.

Joto lililonaswa katikati ya mabomba mawili lazima lisafiri ndani ya bamba hadi kwenye bomba. Usafiri huu ndani ya kitu kigumu huitwa upitishaji. Shaba hupitisha joto karibu mara mbili ya alumini, na alumini mara nne ya chuma. Bati ni chuma chenye ngozi ya zinki. Tuchukue mabomba yaliyoachana kwa sentimita 15, na bamba lenye unene wa milimita 0.4, unaokaribia ule wa bati geji 28. Bamba la shaba litafikisha kwenye bomba asilimia 95 ya kile ambacho lingefikisha kama lote lingekuwa na joto la bomba. La alumini, asilimia 91. La bati, asilimia 72. Ukiyatenganisha mabomba kwa sentimita 20 ili kupunguza gharama, bati linashuka hadi asilimia 59. Ukiyasogeza hadi sentimita 10, linapanda hadi asilimia 87. Tofauti hizi ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya kati ya kopo moja la rangi nyeusi na jingine.

Bomba nalo lazima liguse bamba. Sentensi hiyo inaonekana haina haja ya kuandikwa, lakini tazama kwa karibu mtambo ambao bomba limefungwa juu ya bati bapa kwa waya wa kufungia, kila baada ya sentimita 30 hivi. Chukua kipande cha karatasi ya daftari ujaribu kukipitisha kati ya bomba na bati. Penye waya kitakwama. Katikati ya waya mbili, mara nyingi kitapita bila kukwaruza. Karatasi hiyo ina unene wa takriban milimita 0.1, na nafasi inayoipisha imejaa hewa.

Hewa iliyotulia ni mojawapo ya vihami bora tulivyo navyo. Kila mita moja ya bomba hukusanya joto la ukanda wa sentimita 15, yaani wati 120. Wati hizo zote sharti ziingie kupitia mahali pa kugusana, ambapo tuseme pana upana wa sentimita 2. Ni kama umati mzima wa uwanjani unaotolewa kwa mlango mmoja. Ili kuzisukuma wati 120 kupitia hewa ya milimita 0.1, bamba linalazimika kuwa na moto wa nyuzi 23 zaidi ya bomba. Hewa ikiwa ya nusu milimita, tofauti inayotakiwa ni nyuzi 115. Bamba haliwezi kufika huko. Kabla halijafika, joto litakuwa limerudi kwenye kioo na kupotea. Fundi ataligusa bamba, litamchoma, naye ataamini kwamba mtambo unafanya kazi vizuri. Maji yatatoka vuguvugu.

Dawa yake ni kulifanya bamba likumbatie bomba. Kata mfereji katika ubao mgumu, ulaze bamba la alumini juu yake, kisha pondea ndani ya mfereji nondo laini yenye kipenyo kinacholingana na cha bomba. Bamba litapata mkunjo wa nusu duara. Kwa bomba la milimita 22, mkunjo huo hugusa upana wa sentimita 3.5 badala ya mstari mwembamba. Kabla ya kulilaza bomba, paka ndani ya mkunjo silikoni inayostahimili joto. Silikoni si mpitishaji mzuri, lakini hupitisha joto takriban mara nane ya hewa, na kazi yake ni kujaza yale mapengo ya karatasi. Bana kwa vipande vya bati na riveti kila sentimita 10. Hesabu ileile, kwa pengo la milimita 0.1 lililojaa silikoni, inatoa tofauti ya chini ya nyuzi 2. Kwa mwenye bomba la shaba na bamba la shaba, kulehemu mstari mzima ni bora zaidi ya yote.

Tahadhari moja kuhusu metali mbili. Shaba ikigusana na bati au alumini penye unyevu, ile nyingine huliwa na kutu. Silikoni husaidia kuzitenganisha, na sanduku lisiloingiza mvua husaidia zaidi.

Mabomba ya plastiki yanahitaji hukumu yake. Plastiki hupitisha joto mamia ya mara chini ya alumini, kwa hiyo kulifunga bomba la plastiki kwenye bamba na kutegemea joto lote lipenye ukuta wake kupitia sehemu moja nyembamba ni kazi bure. Mpira mweusi wa maji uliozungushwa na kulazwa juani ni jambo tofauti: hapo jua linaupiga mpira wenyewe, upande wote wa juu ni bamba, na joto lina milimita 2 tu za kupenya. Tofauti yake ni nyuzi 4 hivi, na maji hupata moto. Udhaifu wa mpira ni kulainika ukiachwa mkavu chini ya kioo, kwa hiyo mahali pake ni nje ya kioo na katika maeneo ya joto, kama pwani, kuliko Makete.

Turudi kwenye rangi tukiwa na mizani ya hesabu hizi. Wapo wanaopaka mikono minne au mitano wakitafuta weusi. Rangi yenye unene wa mikromita 50 huongeza tofauti ya joto ya takriban nyuzi 0.2, ambayo ni sawa na hakuna. Ikifika milimita nzima huongeza nyuzi 4. Mikono miwili myembamba inatosha kabisa.

Kinachoamua maisha ya rangi ni maandalizi. Bati jipya hutoka kiwandani likiwa na utando wa mafuta na kemikali za kulikinga, na rangi ya mafuta huweza kuathiriana na zinki na kujibandua kwa magamba. Lioshe kwa sabuni, lipake siki, liache hadi mng'ao wake ufifie, lisuuze, likaushe, kisha upake praima iliyoandikwa kuwa ni ya metali yenye zinki. Alumini isuguliwe kwa msasa laini, ioshwe na ipakwe praima siku hiyohiyo, kabla utando wake wa oksidi haujakua. Usipake upande wa nyuma. Metali tupu hutoa mnururisho mdogo kuelekea chini, na huko nyuma hakuna jua la kunasa.

Kuna siku mtambo utakosa maji, bomba likiwa limefungwa au tangi limekauka. Bamba kavu lenye rangi ya kawaida chini ya kioo kimoja linaweza kufika nyuzi 120 hadi 140; lenye uso unaochagua hupita hapo. Rangi ya nyumba haikutengenezwa kwa joto hilo. Hulainika na kutoa mvuke unaoganda kwenye kioo kama ukungu wa manjano usiofutika kwa urahisi, ukikata mwanga kwa muda wote uliobaki. Kwa hiyo bamba lililopakwa lianikwe juani siku kadhaa kabla ya kufungiwa, hadi harufu ya rangi iishe.

Kupima nako kuna mtego. Wengi hulinganisha rangi mbili kwa kuanika vipande viwili vikavu na kuona kipi kina moto zaidi. Jaribio hilo linapima kipi kinapoteza kidogo kikiwa kimesimama. Halisemi lolote kuhusu joto linaloingia majini. Vilevile bunduki za kupimia joto bila kugusa, zilizoenea wakati wa janga la korona, hukadiria joto kwa mnururisho. Ukiielekeza kwenye bati tupu linalong'aa itasoma chini sana, kwa kuwa bati hutoa kidogo na hurudisha picha ya anga. Ielekeze kwenye sehemu iliyopakwa rangi, ndipo namba yake itakuwa na maana.

Kipimo cha kweli ni maji. Pitisha lita 20 katika mtambo kwa saa moja ya jua kali, pima joto la kuingia na la ndoo iliyojaa. Zikipanda nyuzi 15, umepata takriban uniti 0.35 za nishati, kwa uniti ileile tunayonunulia umeme. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 18 hadi 48 kunahitaji uniti 3.5. Siku yenye uniti 5 za jua kwa mita ya mraba, bamba la mita 2 za mraba hupokea uniti 10. Mtambo ukifikisha majini asilimia 45 ya hizo, familia imepata maji yake na ziada kidogo.

Wanaokausha maembe, mboga au dagaa kwa hewa ya moto wana tatizo hilohilo kwa ukali zaidi. Hewa huchukua joto vibaya, na bamba bapa linaweza kulazimika kuwa na nyuzi 60 zaidi ya hewa inayopita juu yake. Kwao, tabaka mbili au tatu za wavu wa chuma uliopakwa rangi nyeusi, hewa ikipenya katikati yake, hushinda bamba lolote.

Sasa naweza kusema ninachoamini. Kwa maji ya kuoga, rangi nyeusi isiyong'aa yenye masizi na inayostahimili joto inatosha, na anayetafuta uso bora kuliko huo kabla ya kurekebisha mshikamano wa bomba na bamba anatupa fedha. Shilingi ya kwanza iende kwenye alumini badala ya bati. Ya pili iende kwenye mkunjo, silikoni na riveti. Kama alumini haipatikani, tumia bati lakini sogeza mabomba hadi sentimita 10. Rangi ije baada ya hayo.

Uso unaochagua unastahili bei yake pale tu mtu anapotaka nyuzi 70 au 80, kwa mfano zahanati inayohitaji maji ya moto sana, au pale baridi na upepo wa mlimani vinapoipanua tofauti kati ya bamba na hewa ya nje. Unastahili pia pale ambapo badala ya kioo imetumika karatasi ya nailoni, kwa kuwa nailoni huyaruhusu mawimbi marefu kutoka ilhali kioo huyazuia. Hata hapo, ni heri ununuliwe ukiwa tayari umewekwa kiwandani juu ya bamba la shaba au alumini, na ufunikwe dhidi ya vumbi wakati wa ujenzi. Vumbi hutoa mawimbi marefu kama rangi ya kawaida, na tabaka lake jembamba linatosha kuufuta ubora ambao mtu ameulipia.